Usinizibe Mwanya

Fundi aliyenifundisha kupiga picha alikuwa na studio ya chumba kimoja Tandika, karibu na soko, na ndani ya chumba hicho kulikuwa na ndege. Ilichorwa kwa rangi ya mafuta kwenye pazia la marekani, ngazi zimeshushwa, mlango uko wazi, na mteja alisimama mbele yake ameshika mkoba wa ngozi ambao ulikuwa mali ya studio. Pazia la pili lilikuwa na maporomoko ya maji. La tatu lilikuwa sebule yenye friji, televisheni na chungu cha maua. Siku za Idi na Krismasi foleni ilifika barabarani: wapangaji wa Tandika, Yombo na Mtoni waliotaka picha ya kutuma Lindi, Songea au Kigoma. Na huko zilikopelekwa hakuna aliyedanganyika sana. Kila mtu alilijua pazia, na watoto walibishana kabisa hili ni la studio gani.

Uongo ulikuwa nyuma ya mtu. Sura ilibaki ya mwenyewe, maana hatukuwa na uwezo wa kuigusa. Mafundi wa enzi za picha nyeusi na nyeupe walijua kuchezea negativu kwa penseli wakapunguza makunyanzi; sisi wa picha za rangi tulitegemea mashine ya mjini, na itakachotoa ndicho hicho.

Hiyo ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Kazi yangu ilikuwa kushika taa, kufagia, na kupanda daladala kupeleka mikanda ikasafishwe. Picha zikirudi, kesi zinaanza. Bwana harusi mweusi tii aliyesimama pembeni ya gauni jeupe alirudi akiwa suti yenye meno. Fundi aliwaambia wateja ni giza la ukumbi, ilhali alijua si ukumbi. Alikuwa na mbinu zake: shuka jeupe lililokunjuliwa chini ya uso wa mteja, mahali ambapo kamera haifiki, limrudishie mwanga kidevuni, mafuta ya nazi kidogo kwenye paji la uso na kwenye mifupa ya mashavu ili weusi upate pa kung'aa, na lenzi kufunguliwa zaidi ya kipimo kinavyosema. "Kipimo hiki hakimjui Mmakonde," alikuwa akisema.

Miaka mingi baadaye nilisoma na kuona kwamba alikuwa sahihi kuliko mwenyewe alivyodhani. Tangu miaka ya 1950, Kodak ilizipa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zikaitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa mwanzo aliyepigwa picha. Mashine ikimtoa Shirley vizuri, basi iko sawa. Malalamiko yaliyoisukuma kampuni, kama watu wake wenyewe walivyokuja kusimulia, yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka kahawia zao zitofautiane kwenye matangazo. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya bwana harusi wetu.

Nisije nikaonekana nasifia ya kale kwa kuwa ni ya kale. "Nitoe mweupe kidogo" ni ombi nililolisikia tangu wiki ya kwanza pale Tandika. Mkorogo ulikuwepo, ukiuzwa kwenye vikopo visivyo na jina, na upo hadi leo ingawa zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Wazee wetu nao walikuwa na krimu ya Ambi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari Mosi 1969, na pamoja na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, krimu za kujichubua zilikuwa kwenye orodha. Nchi ilikuwa tayari kumkimbiza msichana barabarani kwa ajili ya sketi, na krimu ikabaki kwenye mkoba wake. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema simu ndizo zilizotuletea tamaa ya kuwa watu wengine.

Na nyuma zaidi ya hapo, Wazaramo, wenyeji wa pwani hii tunayoiita Dar es Salaam, walikuwa na mwana hiti. Ni kinyago kidogo cha mti kilichohusika na unyago: kiwiliwili kisicho na mikono, matiti madogo, nywele zilizochongwa matuta mawili kichwani. Mwali aliwekwa ndani, akalishwa, akafundwa, akatoka amenawiri na ngozi imelainika. Huo nao ulikuwa mfano wa uzuri uliotengenezwa kwa mikono, na wasichana walipimwa nao. Lakini wachongaji waliuacha uso wa mwana hiti karibu mtupu. Uso aliuleta mwali mwenyewe.

Hicho anachokileta mtu mwenyewe ndicho alichokuwa akikitafuta fundi wangu. Kabla ya kubonyeza alimzunguka mteja kwanza, kichwa ameinamisha, halafu anatoa hukumu. "Wewe uzuri wako uko shingoni, zile pingili zionekane, inua kidevu." "Dada, cheka kidogo, tuuone huo mwanya." Mwanya ulikuwa mtaji. Pwani hii msichana mwenye mwanya wa mbele hakuambiwa ana kasoro, aliambiwa acheke. Mwenye mguu wa bia aliombwa asimame upande. Mama mwenye chale mbili mashavuni aligeuzwa kuelekea taa ili zisipotee. Kila mtu alikuwa na chake, na aliyekosa kabisa fundi alimtafutia, hata ikiwa ni namna ya kushika kanga.

Nimekaa kwenye kazi hii mpaka studio ya Tandika ikawa duka la vocha na mimi nikahamia Mbagala Zakhem, nikipiga zaidi sendofu, kicheni pati na harusi za Kinondoni, ambako wanalipa vizuri kidogo. Nimeona kamera za dijitali zikiingia, nimeona Photoshop, nimeona filta za simu. Filta tulizicheka. Masikio ya mbwa yanamdanganya nani? Mwaka 2023 TikTok ikaleta ile iitwayo Bold Glamour, ambayo hata ukipitisha mkono usoni haikatiki, hapo nikaacha kucheka. Na tangu Agosti 2025, Gemini ya Google ilipotoa mashine yake mpya ya kutengeneza picha, kila steshenari ya Mbagala iliyokuwa ikitoa kopi na kulaminisha vyeti inakutengenezea picha ya bethidei kwa bei ya chipsi kavu. Unaleta selfi uliyopigia uani kwenye kamba ya nguo, unaondoka uko kwenye ngazi za kasri, gauni jekundu limekuburuzikia.

Sina ugomvi na gauni. Kuna mama lishe mmoja Mtoni ambaye hajawahi kupiga picha ya harusi kwa sababu harusi yenyewe haikuwapo, na sasa anayo ukutani, yeye na mzee wake, maua kila mahali. Nikiitazama naiona ile ndege ya Tandika. Tofauti ni kwamba pazia lilisimama nyuma yake, na hili limempanda usoni. Mzee wake ananiambia hucheka kila akiiona, maana yule mwanamke wa ukutani hajawahi kusimama mbele ya moto.

Jirani yangu pale Zakhem ni msusi, na yeye ndiye aliyeniamsha, maana kwake hili jambo liligusa mfuko mapema. Saluni yake ya mwanzo ilikuwa na bango lililochorwa kwa brashi: vichwa vinne vya wanawake, kila kimoja na msuko wake, macho yote yakitazama upande mmoja. Bango la pili lilikuwa la kuchapwa, lenye picha za nyota wa Marekani zilizookotwa intaneti. La sasa, alilotengenezewa na kijana wa steshenari, lina wanawake watatu wazuri kweli, ngozi nyororo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuzaliwa.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwake nasubiri umeme urudi. Akaingia binti na simu mkononi.

"Shikamoo, anti. Nataka hivi."

"Marahaba." Msusi akaichukua, akaikuza kwa vidole viwili, akaanza kuifuatilia kama fundi cherehani anavyofuatilia mshono. "Hii rasta inaanzia wapi?"

"Hapo juu."

"Hapo juu hapana mstari. Angalia. Hizi mbili zimeingia kwa hii moja. Na hii imeishia sikioni. Huyu kasukwa na nani?"

"Sijui, anti, nimeiona tu. Mbona yeye zimemkaa?"

"Yeye nani?"

Binti hakuwa na jibu. Alisukwa msuko wa karibu na ule, akalipa, akatoka amenuna. Msusi akanieleza kinachomuudhi zaidi ya rasta zisizo na mwanzo: ni nywele za mbele. Wale wanawake wa kwenye picha wamejaa nywele mpaka kwenye kipaji, na mistari imenyooka. Wateja wake, wengi wamekatika mbele kwa sababu ya kubana rasta tangu utotoni. Kila akimaliza kichwa, mteja anajitazama kwenye kioo, anaitazama simu, anajigusa kipaji. "Zamani walikuwa wananilinganisha na wasusi wa Kariakoo," alisema. "Msusi wa Kariakoo nampanda daladala nikamtazame. Huyu nitampata wapi?"

Wiki hizo hizo nilipata kazi ya sendofu Mwananyamala. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa amepakwa mekapu ya majaribio, na mpakaji akaipitisha picha yake kwenye programu kabla ya kumpa. Akanitumia WhatsApp: nataka zote zitoke hivi. Niliitazama vizuri. Ngozi ilikuwa rangi moja kuanzia kwenye nywele hadi kifuani. Pua imebanwa. Shingo imenyoshwa, pingili zimefutwa zote. Na mwanya, ambao nilipoonana naye mara ya kwanza ulikuwa kitu cha kwanza kukiona, ulikuwa umezibwa kwa jino lisilo la mtu.

Nilikwenda kwao tukubaliane. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyekuwa somo wake, akaiomba simu. Akaisogeza mbali na macho, akavaa miwani, akairudisha karibu.

"Huyu ndiye nani?"

"Mimi, shangazi."

"Wewe una mwanya."

"Wameuziba tu kidogo."

"Nani kawaambia una tundu? Mwanya huo ni wa mama yako, na mama yako kautoa kwa bibi yako wa Kisarawe. Kaka yangu kamfuata mama yako kwa mwanya huo, kila mtu hapa anajua." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, baba, usimzibe mwanya mtoto wangu."

Nikasema sawa, mama. Lakini niliondoka na swali. Mpakaji aliniapia hakuiambia programu izibe chochote. Alibonyeza sehemu ya kupendezesha, basi. Nani basi aliyeuziba?

Nimejisomea niwezavyo, na kwa lugha yangu ya studio ni hivi. Mashine hizi hufunzwa kwa picha zilizozolewa kwenye intaneti pamoja na maelezo yake. Mkusanyiko mmoja unaojulikana, LAION-5B wa mwaka 2022, una picha na maelezo yake zipatazo bilioni 5.85. Stable Diffusion, mojawapo ya mashine za mwanzo kufika mikononi mwa watu wa kawaida, ilifunzwa kwa sehemu ya mkusanyiko huo, na mwishoni ikanolewa kwa picha zilizochujwa kuwa ndizo zinazopendeza. Aliyechuja ni programu nyingine, iliyofunzwa kwa alama ambazo watu walizipa picha. Yaani mahali fulani watu walikaa, wakatazama picha, wakatoa maksi, na mashine ikajifunza kutoa maksi kama wao. Sidhani kama kulikuwa na mtu wa Mbagala Rangi Tatu kwenye kikao hicho. Ukiiambia mashine ya namna hii ipendezeshe uso, inausogeza kule ambako picha nyingi zilizosifiwa zimerundikana. Mwanya huko ni nadra, kwa hiyo mwanya ni hitilafu. Chale ni hitilafu. Weusi wetu wenyewe uko ukingoni: mwaka 2023 Bloomberg walichunguza maelfu ya picha za Stable Diffusion wakakuta kazi za mishahara minono wanapewa watu weupe na za kipato duni wanapewa weusi, kupita hali halisi ilivyo. Ni Shirley tena, ila safari hii haishii kwenye kutupima rangi. Inatuchonga upya.

Wenzetu wa nje nao wamo kwenye msiba huo huo. Julai 2024 kulifanyika shindano la urembo la wanawake wasiokuwapo, Miss AI, na mshindi akatoka Afrika, Kenza Layli wa Moroko, amevaa hijabu na hana hata cheti cha kuzaliwa. Toleo la Agosti 2025 la jarida la Vogue la Marekani lilibeba tangazo la Guess lenye mwanamke wa kutengenezwa. Maandishi madogo pembeni yalisema hivyo, na wasomaji wakaja juu. Kwangu hasira hizo zilichelewa kidogo, kwa sababu wanamitindo wa kweli walikuwa wamesafishwa kwa kompyuta miaka mingi kabla.

Kinachonisumbua ni kingine. Mwaka 2007 Flaviana Matata alisimama kwenye jukwaa la Miss Universe kule Mexico akiwa na kipara, akaiwakilisha Tanzania, akaingia kumi bora. Nakumbuka vizuri yaliyofuata huku kwetu: wasichana walikuja studio wamenyoa, wengine wamegombana na mama zao, wanataka picha ya upande mmoja, taa itoke nyuma. Kipimo kilihama kwa sababu mtu mmoja alikipinga na kichwa chake, watu wakamwona, wakamwiga. Uzuri wa binadamu siku zote umekuwa na mlango wa namna hiyo, mkaidi mmoja anaingia na mwanya wake, au kipara chake, au kimo chake, na baada ya muda wote tunashangaa kwa nini hatukuuona uzuri ule. Wastani wa mabilioni hauna mlango. Flaviana akiingizwa humo anakuwa picha moja kati ya mabilioni, na mashine ikiombwa mrembo, inampa nywele.

Mwaka huu nililetewa kazi ya msiba. Bibi wa Kimakonde, mzaliwa wa Newala, amefia kwa mwanawe Mbagala Kuu, na ibada ilikuwa kesho yake. Familia ilitaka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Picha iliyopo ilikuwa ya kitambulisho, ndogo, imefifia. Mjukuu, kijana mwerevu wa chuo, alikuwa ameshaipitisha kwenye programu usiku ule, akaniletea faili nichape na kuweka fremu. Ilikuwa picha safi mno. Bibi amekaa, macho yanaona, ngozi ina nuru. Nilichapa, nikaipeleka mwenyewe.

Wazee waliokuwa kwenye turubai waliipokea, wakaipitisha mkono kwa mkono, wakanyamaza. Mdogo wa marehemu, aliyeingia alfajiri na basi la kutoka Kusini, ndiye aliyesema: "Mmetuletea mama wa nani?" Bibi yule alikuwa na dinembo, zile chale za Kimakonde, usoni kote, na juu ya mdomo alikuwa na alama ya tundu la ndonya, kile kipini cha mdomo, alichokivua zamani. Mashine ilikuwa imevifuta vyote kama mtu anavyofuta vumbi. Mjukuu aliapa kwamba aliiomba iongeze mwangaza tu. Nilimwamini.

Nikawaambia naweza kuzirudisha chale kwa mkono, kwenye kompyuta, mtu anielekeze zilivyokaa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba watoto wa marehemu hawana hakika. Waliuona uso ule maisha yao yote. Mmoja akasema mistari ya shavuni ni mitatu, mwingine akasema ilikuwa na pembe, kama hivi, akachora hewani. Yule mdogo wake akaomba kalamu na karatasi. Alichora bila kusita, maana walichanjwa pamoja, na anayechora alikuwa na mistari hiyo hiyo usoni kwake. Alipokwama alijipapasa shavu. Nilirudi Zakhem na karatasi ile, nikafanya kazi hadi saa sita usiku. Haikutoka safi kama ya mjukuu. Waliiweka.

Tangu hapo, kabla sijagusa picha ya mteja namuuliza: nini nisiguse? Wengi hushangaa. Wengine hujibu papo hapo, kidoti, kovu la jiko, kengeza la baba. Kuna wanaosema futa vyote, kaka, na mimi nina watoto wanaosoma, nafuta. Mwezi uliopita bibi harusi mmoja wa Sinza alisema ziba mwanya, nikauziba, akafurahi, akalipa. Kesho yake akaja mama yake peke yake, kimyakimya, anataka zile ambazo hazijazibwa, zote, na asiambiwe binti. Nilimtoza nusu bei.